Bonasi ya chai Nyamira: shilingi ngapi, kwa kilo ya nini?

Kila mwaka, Oktoba ikikaribia, kuna jedwali moja linalosomwa Nyamira kuliko jingine lolote: orodha ya viwanda vya chai na bonasi ya kila kiwanda, shilingi kwa kilo. Kila mtu anatafuta kiwanda chake, Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe au Gianchore, kisha jicho linaruka hadi Kirinyaga na Murang'a. Hapo ndipo kelele huanza.

Ndugu msomaji, mimi ni mwandishi wa programu, na majedwali ndiyo ugali wangu. Leo tuliweke kando kidogo swali la nani amemla nani. Tuanze na swali dogo ambalo kompyuta hukulazimisha ulijibu kabla haijakuchorea chochote: hizo shilingi ni kwa kilo ya nini, na ya lini?

Turudi nyuma. Milima ya Gusii imewahi kulipwa kwa vipimo viwili tofauti kabisa. Kulikuwa na pareto. Mkulima alikausha maua na kuyapeleka, lakini Bodi ya Pareto ya Kenya haikulipia uzito mtupu. Maua yalipimwa ili kujua yana pairethrini kiasi gani, yaani ile sumu ya kuua wadudu, na malipo yakafuata kiwango hicho. Tuseme wewe na jirani mmepeleka kilo 100 kila mmoja, yako yana asilimia 1.2 na yake 1.6. Ukihesabu kwa kilo ya maua, amekupita kwa theluthi nzima. Ukihesabu kwa kilo ya pairethrini, mmelipwa sawasawa. Pesa ni zile zile, lakini jedwali moja linaonyesha dhuluma na jingine linaonyesha haki.

Chai ilikuja na kipimo kingine. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika mlango wa mazao ya biashara. SCDA ikaundwa 1960, KTDA ikafuata 1964, na mwaka 2000 KTDA ikatoka mikononi mwa serikali na kuwa kampuni. Katika mfumo huu, majani mawili na chipukizi hupimwa kwenye kituo, na karani akishayakubali, kila kilo inahesabiwa sawa na nyingine. Mkulima hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo. Mwaka wa hesabu ukifungwa mwisho wa Juni, kiwanda hujumlisha mauzo, huondoa gharama na malipo yaliyokwisha kutolewa, kisha kinachobaki hugawanywa kwa kilo zote zilizoletwa. Hiyo ndiyo bonasi.

Soma tena hapo: kinachobaki. Bonasi ni salio, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo lile jedwali la Oktoba halikuambii. Chukua viwanda viwili vya kubuni. Kiwanda A kililipa shilingi 25 kila mwezi na bonasi ya 20, jumla 45. Kiwanda B kililipa 20 na bonasi ya 26, jumla 46. Kwenye orodha ya bonasi, B amemwacha A mbali kwa asilimia 30. Kwenye jumla, tofauti ni shilingi moja.

Jambo la pili ni kwamba mnada wa Mombasa haununui majani mabichi. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969, na siku hizi bei zake hutajwa kwa dola, kwa kilo ya chai iliyosindikwa. Kilo moja ya chai hiyo hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani. Kwa hiyo mtu anayeshika bei ya Mombasa kwa mkono mmoja na bonasi ya Kebirigo kwa mkono mwingine ameshika vipimo viwili visivyosalimiana. Lazima agawanye kwa 4.5, abadilishe dola kuwa shilingi, kisha aondoe gharama.

Hiyo dola nayo ina mambo yake. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Hebu tufanye hesabu. Chai ikiuzwa dola 2 kwa kilo, kwa kiwango cha kwanza ni shilingi 320, kwa cha pili ni 258. Gawanya kwa 4.5 na utapata karibu shilingi 71 na shilingi 57 kwa kilo ya majani. Shilingi 14 zimeyeyuka, na Mombasa bei haijasogea hata senti! Grafu ya dola imelala kama ziwa, grafu ya shilingi imeporomoka.

Mwaka 2025 bonasi iliposhuka vibaya magharibi ya Bonde la Ufa na wakulima wakapaza sauti, nguvu ya shilingi ilitajwa kuwa moja ya sababu. Hesabu yetu hapo juu inaonyesha kwamba hoja hiyo ina uzito. Lakini angalia inajibu swali gani. Inajibu grafu: kwa nini mwaka huu ni chini ya mwaka jana. Haijibu jedwali: kwa nini Nyamira ni chini ya Kirinyaga mwaka huo huo. Shilingi ya Kirinyaga na ya Nyamira ni moja. Mkulima anayeuliza swali la jedwali akapewa jibu la grafu bado anadai jibu lake.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko chai yetu. Mskoti William Playfair, aliyechapisha grafu za mistari za biashara mwaka 1786, alichora mwaka 1821 picha moja yenye bei ya ngano na mshahara wa fundi kwa wiki. Alitaka kuonyesha kwamba ngano ilikuwa rahisi kuliko wakati wowote ukilinganisha na mshahara. Ila alichora vitu viwili kando kando, na msomaji akabaki akitazama bei ikipanda na kushuka. Angegawanya kimoja kwa kingine, yaani fundi afanye kazi wiki ngapi apate ngano yake, mstari mmoja ungesema yote. Sisi pia tunaweza kuuliza hivyo: ni kilo ngapi za majani zinanunua mfuko mmoja wa mbolea? Hilo mama anayechuma Borabu analijua bila grafu.

Kwa hiyo ningepewa kutengeneza lile jedwali la Oktoba, ningeongeza safu chache tu kwa kila kiwanda: malipo ya mwezi, bonasi, jumla ya vyote viwili, kilo za majani zilizotoa kilo moja ya chai, wastani wa bei yake mnadani, na gharama ya kusindika kilo moja. Juu ya kila safu ningeandika kipimo chake. Mhimili wa grafu ningeuanzisha sifuri, kwa sababu ukiuanzisha 40, kiwanda cha 48 kitaonekana kirefu mara mbili ya cha 44, na kumbe tofauti ni asilimia 9.

Hapo tungejua pengo liko wapi. Likiwa kwenye bei ya mnada, tuulize juu ya ubora na uchumaji. Likiwa kwenye gharama, tuulize juu ya kuni, umeme na mikopo, na wakurugenzi wa kiwanda wajibu kwa namba. Si kazi ngumu, Excel inatosha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo. Lililobaki ni kuandika juu ya kila safu: kwa kilo ya nini.