Waliotoka Kwenye Simu: Historia Fupi ya Ofisi ya Taarifa za Anga, Kisauni

Makubaliano ya Muungano ya Aprili 1964 yaliorodhesha mambo 11 yatakayokuwa mikononi mwa Serikali ya Muungano. La mwisho liliweka pamoja bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Msomaji wa leo anaweza kudhani waandishi walikwisha kuchoka, wakayafunga yaliyobaki kwa kamba moja. Mtu aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Kisauni wakati ule asingeona ajabu yoyote. Kuongoza ndege kulikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya simu: kupokea ujumbe, kuuandika bila kosa, na kuufikisha kwa mhusika kabla haujapitwa na wakati.

Ofisi inayokumbukwa hapa ndiyo inayouhudumia mnara wa kuongozea ndege. Katika karatasi za serikali ni huduma ya taarifa za usafiri wa anga. Marubani huiita brifingi tu. Hapo ndipo rubani anapoacha mpango wake wa safari, anapopewa notamu, yaani ilani za marubani, za njia anayokwenda kuipita, na anapopata hali ya hewa iliyoandaliwa na wenzao wa idara ya jirani. Pamoja nayo wako mafundi wa redio na mitambo, ambao abiria hawaoni isipokuwa miguu yao ikining'inia kwenye mlingoti. Kila tarehe 15 Mei watu wa fani hii duniani husherehekea siku yao, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1953 Baraza la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha Kiambatisho cha 15 cha Mkataba wa Chicago, kinachohusu taarifa za anga. Sherehe zetu za viwanja vya ndege huwa na hotuba kuhusu majengo na lami. Ni haki siku moja tukaulizana watu hawa walitoka wapi.

Unguja ilijua simu, yaani telegrafu, kabla ya kujua ndege. Waya wa chini ya bahari uliotoka Aden ulifika hapa mwaka 1879 na kuendelea kusini hadi Durban, na kwa miongo mingi Shangani ilikuwa mji wa wapiga simu. Jengo lao la kando ya bahari bado lipo. Ni sehemu ya hoteli ya Serena, na mgeni anayekunywa kahawa kwenye baraza yake amekaa palipokuwa na kituo cha mawasiliano ya dunia nzima. Ndege zilikuja baadaye sana. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bi Florence Kerr Wilson, ilileta barua na abiria wachache katika miaka ya 1930 kwa njia ya pwani ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Hakukuwa na mnara wa kujivunia. Kulikuwa na kiwanja, mfuko wa upepo, na simu ya upepo iliyotangulia kusema ndege imeondoka Tanga.

Waliofaa zaidi kuifanya kazi hiyo ni wale waliokwisha kufundishwa Morse, waliojua kwamba neno moja likipotea katika ujumbe, ujumbe wote umepotea. Urithi wao haujaondoka. Mwongoza ndege anapomwambia rubani kipimo cha mgandamizo wa hewa, husema QNH. Herufi hizo zimetoka katika kanuni ya Q, iliyotungwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya wapiga simu wa melini, ili swali refu lipigwe kwa herufi tatu. Hata anuani ya ofisi ni ya kisimu: ujumbe wa kwenda brifingi ya Unguja huandikwa HTZAZPZX, na wa mnarani HTZAZTZX. H ni ukanda wetu wa Afrika, T ni Tanzania, ZA ni uwanja wenyewe, na zinazofuata ni mlango wa ofisi. Mzee wa simu wa Shangani angezielewa bila kuelezwa.

Kizazi cha pili kilipitia Nairobi. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza safari mwaka 1946, na Zanzibar ilikuwa na hisa ndani yake, ingawa hazikufika hata asilimia moja. Mwaka 1948 usimamizi wa anga ukawekwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1954 ikafunguliwa skuli ya usafiri wa anga huko Nairobi. Tangu hapo mlango wa kuingilia kazi ulibadilika. Haikutosha tena kuwa na mkono mwepesi kwenye kitufe cha Morse. Kijana wa Unguja aliyetaka kazi hii alipaswa kuwa na hesabu na jiografia, kuvuka bahari, kukaa darasani na Wakenya, Waganda na Watanganyika, na kurudi na cheti kinachotambulika kutoka Entebbe hadi Mtwara. Cheti hicho kilimpa kitu ambacho babu zake wa simu hawakuwa nacho: uhamisho. Angeweza kupangiwa Kisumu leo, Tabora mwakani, na nyumbani akarudi kwa likizo tu.

Kando kidogo. Wakati huohuo kisiwa hiki kilikuwa na kituo kingine kilichozungumza na vyombo vya angani, nacho kilikuwa cha Wamarekani, huko Tunguu. Kilijengwa kwa ajili ya mradi wa Mercury, kikapingwa na wanasiasa na vyama vya wafanyakazi waliohofia makombora, na Februari 1962 kikazungumza na John Glenn alipopita juu ya Afrika Mashariki akiizunguka dunia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani waliondolewa kwa manowari, na mwaka huohuo kituo kikafungwa. Hadithi ya Tunguu husimuliwa sana, kwa kuwa ina mwanaanga ndani yake. Lakini Wamarekani walikuja na kuondoka na mitambo yao. Kisauni walibaki watu waliopaswa kuendelea kuipokea ndege ya asubuhi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliwafanya watu hao kuwa waajiriwa wa nchi tatu kwa pamoja, na mwaka 1977 ilipovunjika wakajikuta ni wa nchi moja. Naona hapa ndipo penye uzito wa historia hii yote. Shirika la ndege lilianguka mwanzoni mwa mwaka, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi 1983. Waliokuwa masomoni au kazini Nairobi walirudi. Walioko huku walirithi mitambo ambayo vipuri vyake na vitabu vyake vilikuwa upande wa pili. Miaka ya utumishi waliyoiweka katika Jumuiya iligeuka kuwa hoja ya mafao, hoja iliyojadiliwa na kudaiwa kwa miongo kadhaa, hadi baadhi ya wastaafu wakaonekana katika mitaa ya Dar es Salaam wakidai haki zao katika karne nyingine.

Hebu tupige hesabu. Mtu aliyeingia kazini mwaka 1975 akiwa na miaka 20 alistaafu 2015 kwa umri wa miaka 60. Aliajiriwa na Jumuiya. Miaka miwili baadaye akawa mtumishi wa idara ya wizara. Mwaka 1999 idara ikafanywa wakala wa serikali, na mwaka 2003 ikawa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Waajiri wanne, na huenda meza ni ileile. Kitu kimoja tu hakikubadilika katika miaka hiyo 40, nacho ni saa ya ukutani inayofuata majira ya dunia badala ya yetu. Saa tatu asubuhi ya Darajani ni 0600 katika mpango wa safari, na saa ya mkononi ya mtalii inasoma tisa. Mfanyakazi mpya hufundishwa mengi, lakini kuishi ndani ya saa tatu tofauti bila kujikwaa hujifunza mwenyewe.

Mlango wa Nairobi ulipofungwa, Tanzania ikajenga wa kwake: chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga huko Dar es Salaam. Kizazi cha tatu ni cha chuo hicho. Hawa waliingia wakitoka kidato cha sita, wengine wakitoka kwenye ualimu wa hesabu na fizikia, na kwa upande wa mafundi kutoka vyuo vya ufundi, kikiwemo cha Karume kilichoko Mbweni, ambako ndege husikika darasani. Walikuta ofisi yenye mabwana wawili. Anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo mnara na taarifa za safari ni za TCAA. Ardhi, majengo, zimamoto na taa za uwanja ni za Serikali ya Mapinduzi, ambayo kwa sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Taa ya njia ya kurukia ikizimika, anayeitengeneza anaajiriwa na serikali moja, na anayeandika notamu kuwaambia marubani kwamba imezimika anaajiriwa na nyingine. Mambo haya kwenye karatasi yanaonekana magumu. Kwa watu wanaosalimiana "Shikamoo" kwenye ngazi kila asubuhi na kupanda daladala moja ya 505 jioni, mengi humalizwa kwa simu ya dakika moja.

Umeme ulipokatika Mei 2008, kisiwa kizima kilikaa karibu mwezi mmoja bila umeme wa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara. Desemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Katika miezi hiyo kila huduma isiyoruhusiwa kuzimika iliishi kwa jenereta, na fundi wa mitambo akawa mtu muhimu kuliko mkuu wake. Redio ya mnarani haisubiri dizeli ifike. Mafundi hawa hadi leo hawamo katika orodha ya kazi zinazodai leseni ya kimataifa chini ya Kiambatisho cha 1 cha ICAO. Mwongoza ndege anayo: lazima awe ametimiza miaka 21, apimwe afya ya daraja la tatu, na tangu Machi 2008 athibitishe Kiingereza cha kiwango cha nne au zaidi. Fundi na ofisa wa taarifa wana vyeti, wana mafunzo, wana makosa yanayoweza kuua, ila leseni ya aina hiyo hawana. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya majina yao yasionekane kwenye historia.

Mfano bora wa kazi yao ni lami ambayo hotuba huisifia. Kufikia 2010, mwaka ambao uwanja ulipewa jina la Abeid Amani Karume, njia ya kurukia ilikuwa imerefushwa kutoka takriban mita 2,460 hadi zaidi ya mita 3,000, na ndege kubwa za kutoka Ulaya na Ghuba zikapata nafasi ya kupumua. Mita hizo hazina maana kwa rubani aliyeko Doha au Milano mpaka ziandikwe. Ncha mpya ya njia lazima ipimwe kwa mfumo wa kuratibu wa WGS-84, ambao ICAO iliufanya wa lazima tangu 1998. Kikwazo kila kimoja, mnazi au mlingoti wa simu, hupimwa urefu. Takwimu hupelekwa Dar es Salaam, huchapishwa katika kitabu cha taarifa za anga cha nchi, na huanza kutumika siku maalumu katika mzunguko wa siku 28 unaofuatwa na dunia yote, ili chati za rubani wa Italia na za rubani wa Pemba zibadilike asubuhi moja. Namba moja ikikosewa katika safari hiyo, ndege inayojiendesha kwa kompyuta itaiamini namba, haitaiamini lami.

Kazi hii ndiyo iliyowaleta watu wa kizazi cha nne: wapima ardhi, wenye shahada za kompyuta, wataalamu wa hifadhi za takwimu, baadhi wakiwa wamesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilichoanza kufundisha mwaka 2001. Novemba 2012 fomu ya mpango wa safari ilibadilishwa duniani kote kwa siku moja, ikaongezewa herufi za kueleza vifaa vilivyomo ndani ya ndege. Waliozoea fomu ya zamani waliiona kama mtihani wa uzeeni, na vijana wakawa walimu wao kwa muda. Kisha mambo yakarudi yalivyokuwa, kwa maana wazee walijua kitu kisichokuwa kwenye kompyuta: rubani gani wa ndege ndogo husahau kuandika uwanja wa dharura.

Siku hizi nafasi za kazi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na katika taasisi za Muungano umewekwa utaratibu wa kuwatengea Wazanzibari asilimia 21. Wapo wanaoiona asilimia hiyo ndogo na wapo wanaoiona kubwa. Kwa ofisi hii swali lililo karibu zaidi ni skuli ngapi za Unguja na Pemba zinatoa vijana wenye fizikia na hesabu ya kutosha kuijaza. Tangazo hutaka shahada, umri na ujuzi wa kompyuta. Morse haimo tena. Uwezo wa kusoma mwandiko wa rubani mwenye haraka nao haumo, ingawa huo bado unahitajika.