Duo Dock: Kasha lililoikamilisha kompyuta ndogo

KAMPUNI ya Apple ya Marekani ilipozindua kompyuta mpakato za PowerBook Duo mwezi Oktoba 1992, ilizipunguza uzito hadi chini kidogo ya kilo 2. Wepesi huo ulipatikana kwa kuondoa kiendeshi cha disketi na matundu mengi ya kuunganishia vifaa vingine.

Vilivyoondolewa viliwekwa katika kasha la mezani liitwalo Duo Dock. Mtumiaji aliifunga kompyuta na kuiingiza kama mkanda katika deki ya video, nayo mota ikaivuta ndani. Kasha lilikuwa na kiendeshi cha disketi, nafasi 2 za kadi za nyongeza, na matundu ya kibodi, kipanya na skrini kubwa iliyoweza kukaa juu yake.

Utengenezaji wa Duo ulikoma mwaka 1997. Anayenunua moja leo hana budi kukagua kasha kwanza. Duo zenye skrini ya rangi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1993, ni nene zaidi. Haziingii katika kasha la awali mpaka mfuniko wake ubadilishwe. Bila kasha wala adapta ya disketi, kuhamisha mafaili yaliyomo ni kazi ngumu.