Masafa ya Mkuki: Wapigaji wa Mbali Katika Nchi ya Rungwe na Jirani Zake

Historia ya vita aghalabu huandikwa kwa majina ya majemadari na kwa hesabu ya waliokufa. Ni nadra kuulizwa swali dogo ambalo kila mpiganaji alilijua kabla ya kujua jambo lingine lolote: je, alisimama hatua ngapi kutoka kwa adui yake? Swali hili ni dogo kwa maneno tu. Katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania, kati ya miaka ya 1840 na 1905, jibu lake lilibadilika mara kadha wa kadha, na kila lilipobadilika nchi nzima zilipanda au zilianguka.

Mtu asimamaye Igogwe, mahali panapojulikana leo kwa hospitali ya Kanisa Katoliki katika Wilaya ya Rungwe, haoni mbali. Mlima Rungwe umeziba upande mmoja. Pande nyingine ni vilima, makorongo, migomba na mvua. Ni nchi yenye rutuba na ukungu, na macho hukutana na jani la mgomba kabla hayajakutana na mtu. Katika nchi ya namna hii silaha ipigayo mbali sana haina kazi kubwa, kwani kisichoonekana hakilengwi. Mkuki mwepesi wa kurusha ulitosha. Mkono wenye nguvu huupeleka mkuki hatua zisizofika hamsini, na kwa shabaha ya kweli pungufu ya hapo. Na katika nchi ya migomba hatua hizo ndizo upeo wa jicho.

Wanyakyusa walikuwa warusha mikuki. Mpiganaji alichukua mikuki zaidi ya mmoja, kwani mkuki uliokwisha kutoka mkononi si mali yake tena. Huenda ukarudishwa na adui, nao ukarudi kwa ncha. Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wa vita hulipita upesi. Mrusha mkuki akiisha kurusha wa mwisho huwa mtu mtupu, na uhai wake wakati huo umo mikononi mwa mwenziwe mwenye ngao. Kwa hiyo kupiga kwa mbali, ijapokuwa kwaonekana kuwa kazi ya mtu mmoja mwenye jicho kali, kwa kweli ni kazi ya watu wanaoaminiana. Wanyakyusa walikuwa na mahali pa kujifunzia imani hiyo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi vijiji vya Wanyakyusa vilivyojengwa kwa marika: wavulana waliochunga ng'ombe pamoja walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, wakakua pamoja, wakaoa, na kijiji kikawa chao. Waliosimama bega kwa bega siku ya vita walikuwa wamekula chungu kimoja tangu utoto. Yafaa kusema kwamba jeshi la namna hii halikuhitaji kufundishwa nani amlinde nani.

Waliokuja kuivunja kanuni ya mkuki wa kurusha walikuwa Wangoni. Zwangendaba na watu wake walivuka Mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini hadi Ufipa, na baada ya kifo chake huko katika miaka ya 1840 makundi yake yakatawanyika. Waliuleta kutoka kusini mkuki mfupi wa kuchoma, ambao mwenyewe hauachi mkononi, pamoja na ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe na mpango wa jeshi lenye pembe mbili za kuzunguka. Hekima yake ilikuwa rahisi mno: mrusha mkuki ana nguvu katika hatua thelathini na hana nguvu katika hatua mbili, basi mwendee upesi, ngao mbele, ukazimeze hatua hizo kabla hajarusha wa pili. Wasangu waliufuata mtindo huo, na Wahehe wakaufuata nyuma yao. Hata hivyo Wangoni hawakupata kuiweka nchi ya Rungwe chini ya mamlaka yao. Huenda ushujaa ulikuwa sababu. Lakini makorongo nayo yastahili sifa yake, kwa kuwa pembe za jeshi hazikunjuki vizuri ndani ya migomba.

Bunduki ilipokuja, masafa yalirefuka, lakini yalirefuka kwa sharti. Bunduki nyingi zilizoingia bara zilikuwa gobori. Mpigaji alimimina baruti, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha ndipo alenge. Muda wote huo alikuwa kama mrusha mkuki aliyekwisha mikuki. Ndiyo maana wafanya biashara na rugaruga wao walipenda kupiga wakiwa nyuma ya boma la magogo na udongo. Mwingereza Elton, alipofika kwa Merere wa Wasangu mwaka 1877, alikuta mji umezingirwa, na bunduki za msafara wake zikatumika kutoka ndani ya boma. Boma ndilo lililokuwa ngao ya mwenye bunduki.

Ubaya wa masafa hayo ulionekana Karonga, kwa Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na desturi. Mwezi Oktoba 1887 watu wa Mlozi, mfanya biashara wa pembe na watumwa, waliwasukuma Wangonde katika matete ya kidimbwi cha Kambwe karibu na Ziwa Nyasa. Wenye mikuki walijificha majini. Wenye bunduki walisimama ukingoni. Matete yakatiwa moto. Aliyetoka alipigwa risasi, na aliyebaki alikuwa na moto juu na mamba chini. Hapakuwa na namna ya kuzimeza hatua zilizowatenga na adui, na hapa neno vita halifai kutumika, maana upande mmoja haukuwa na uwezo wa kudhuru. Lakini mwaka uliofuata, Juni 1888, Lugard alipoliongoza shambulio juu ya boma la Mlozi kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, yeye naye alijeruhiwa vibaya kwa risasi akiwa kwenye boma, na shambulio likashindwa. Mlozi hakukamatwa hata Desemba 1895, mizinga ilipoletwa; akanyongwa.

Vijana wa siku hizi wanayo picha yao ya jambo hili, nayo haistahili kudharauliwa. Katika michezo ya kivita ya kubuni inayochezwa kwa intaneti, watu hukusanyika kulivamia zimwi moja, wakagawana kazi: wa kwanza hushika ngao na kuivuta hasira ya zimwi, wa pili huponya majeraha, wa tatu hupiga, na miongoni mwa wapigaji wako wasimamao mbali kwa upinde au uchawi. World of Warcraft, uliotolewa mwaka 2004, hapo mwanzoni uliruhusu watu hata 40 katika uvamizi mmoja. Mpigaji wa mbali katika mchezo huo hufungwa na sheria ambayo mzee wa zamani angeitambua mara moja: akipiga kwa nguvu mno kabla mwenye ngao hajamshika zimwi barabara, zimwi humwacha mwenye ngao likamgeukia yeye, naye hana cha kujikingia. Kwa hiyo sifa yake ya kwanza ni kujizuia. Tena katika miaka ya awali ya mchezo, mwindaji mwenye upinde alikuwa na ukanda mwembamba wa masafa ambamo mshale haukuweza kupigwa kwa kuwa adui yu karibu mno, wala silaha ya mkononi haikumfikia kwa kuwa yu mbali mno. Wachezaji waliulalamikia sana ukanda huo, hata watengenezaji wakauondoa. Tofauti ni kwamba mchezoni afaye huinuka tena, akacheka na wenzake, akaanza upya.

Lugalo hapakuwa na kuinuka. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa akilipeleka jeshi la Wajerumani katika Uhehe kwa mstari mrefu. Alikuwa na askari wenye bunduki nzuri za wakati ule, na alikuwa na mizinga. Wahehe walilala katika majani na nyuma ya mawe kandokando ya njia. Mlio mmoja ukasikika, wakaruka. Askari walipata nafasi ya kupiga mara moja, au mara mbili aliyekuwa mwepesi. Kisha mikuki ya kuchoma ikawa kifuani mwao. Kwa dakika chache jeshi likavunjika. Zelewski akauawa, na pamoja naye Wajerumani wengine na askari zaidi ya mia mbili. Bunduki zipatazo 300 zikaangukia mikononi mwa Mkwawa. Bunduki zile hazikuwa na hitilafu. Zilikosa hatua mia za uwanja mtupu na mtu wa kuzilinda hatua hizo.

Waandishi wengi humsifu Mkwawa kwa Lugalo na kumsikitikia kwa Kalenga, kana kwamba mambo mawili hayo hayahusiani. Yanahusiana sana. Baada ya ushindi wake alitegemea ukuta wa mawe wa Kalenga, na ukuta ulimpa Mjerumani kitu kile kile alichonyimwa Lugalo, yaani masafa. Mzinga hauhitaji kumwendea adui aliyekaa mahali pamoja. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi lililokuwa na Tom von Prince liliingia Kalenga. Mkwawa akarudi porini, kwenye vita vya kuvizia alivyovijua, na huko alidumu hata Julai 1898 alipojiua kuliko kukamatwa.

Rungwe zamu yake ilifika mwaka 1897. Wamisionari wa Moravian walikuwa wamejenga tangu 1891, na serikali ya Wajerumani ilikuwa ikidai utii. Wanyakyusa walipokutana na kikosi cha Wajerumani katika mapigano, walikuwa na mikuki yao ile ile. Mbele yao palikuwa na bunduki zisizohitaji mdeki wala kungojea. Yule mtu mtupu wa kati ya mrusho na mrusho, ambaye mbinu zote za kale zilimlenga, hakuwako tena upande wa pili.

Miaka minane baadaye, vita vya Maji Maji vilipowaka, tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro waliliendea boma la Mahenge uwanjani mchana kweupe, wakiamini kwamba dawa ingeifanya risasi kuwa maji. Waama dawa hiyo ilijaribu kulijibu swali la masafa kwa njia pekee iliyokuwa imebaki, nalo bombomu likawajibu kwa njia yake. Wanyakyusa hawakujiunga. Wako wasemao kwamba misheni iliwazuia, na wako wasemao kwamba vita havikuwafikia. Yote mawili yana ukweli wake. Lakini mwaka 1905 watu wazima wa Rungwe walikuwa hai bado waliokuwapo 1897, nao hawakuhitaji kuhesabiwa hatua na mtu mwingine.