Kinyonga mchanga: tundu kwanza, mnyama baadaye

Watoto wa ndugu zetu walioko Ulaya hawaombi tena kununuliwa njiwa wala sungura. Siku hizi wanataka kinyonga. Hebu mwambie bibi yake huku nyumbani kwamba mjukuu analala chumba kimoja na kinyonga, uone kama hatasoma dua mpaka alfajiri! Mimi niliishi na mmoja kwa miaka kadhaa nyumbani kwa dada yangu London, na kwa kuwa jamaa hunipigia simu wakiuliza, nimeona niyaandike ninayoyajua. Nitamzungumzia hasa yule mchanga wa miezi mitatu hadi sita, kwa sababu makosa ya malezi humdhuru upesi kuliko mkubwa.

Kinyonga mwenyewe ni yule wa Yemen, mwenye kishungi kirefu kichwani. Kwao ni Yemen na kusini magharibi mwa Saudia, lakini wanaouzwa madukani ng'ambo wengi wamezaliwa matunduni huko huko. Dume hujulikana tangu anapoanguliwa: nyuma ya mguu wa nyuma ana kipi kidogo kama cha jogoo. Jike hana.

Wetu wa kwenye mikorosho na nyua za michongoma ni mwingine. Huyo ni mnyamapori, na kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2013 haruhusiwi kufugwa bila kibali cha KWS. Hana sumu, hata waseme nini wazee. Akikatiza njia, mwache apite, na watoto waache kumpiga mawe.

Turudi kwa wa Yemen. Wa kwanza wa mpwa wangu aliuzwa pamoja na tangi la vioo kama la samaki, taa nyekundu na bakuli la maji. Muuzaji alisema hivyo vinatosha. Baada ya wiki chache miguu ilianza kupinda, taya likawa laini, na ulimi ukashindwa kufika kwa mdudu. Daktari alitueleza kuwa mifupa ilikuwa imekosa kalisiamu. Alikufa, na mtoto siku ile hakutia kitu kinywani.

Kwa hivyo tundu hutengenezwa kwanza, likawashwa siku mbili tatu na kupimwa kwa kipimajoto, ndipo mnyama aletwe. Liwe la wavu pande zote ili hewa ipite, na liwe refu kwenda juu kuliko upana wake. Mkubwa anahitaji kama sentimita 60 kwa 60, kimo 120. Mchanga anaweza kuanza na dogo zaidi, asipotee humo wala chakula kisimpotee. Liweke juu ya meza ili tawi lake la juu lifike usawa wa macho yako au zaidi. Kwa kinyonga, kitu kinachomwinamia kutoka juu ni ndege anayekuja kumla. Ndani jaza vijiti vya unene mbalimbali na mimea hai yenye majani mengi, kama hibiskasi, maana huyu hutafuna majani pia. Ioshe kwanza, isije ikawa na dawa ya wadudu. Sakafu iache tupu, ni rahisi kusafisha.

Taa ni mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya joto: mahali pa kuotea pawe kama nyuzi 29, na pembe nyingine za tundu ziwe baridi kidogo ili achague mwenyewe. Iwe nje ya wavu, asije akaungua mgongo. Ya pili ni ile ndefu ya mrija inayotoa miale ya urujuanimno, ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalisiamu unayomlisha haimfai kitu. Usijidanganye kwamba dirisha linatosha, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo. Taa hii huchoka ingawa bado inawaka, hivyo ibadilishwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Zote ziwake saa 12 mchana, usiku zizimwe kabisa. Hiyo taa nyekundu ya usiku haina kazi. Baridi ya usiku ya nyuzi 18 au 20 inamfaa.

Maji ya bakuli kwa kawaida hata hayatambui. Yeye hulamba matone juu ya majani, kama umande wa kwao. Pulizia asubuhi na jioni kwa dakika chache, kisha acha pakauke, kwa maana unyevu usiokatika humletea ugonjwa wa mapafu. Tazama kinyesi chake: ile sehemu nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, au macho yakididimia, ana kiu.

Chakula ni nyenje wadogo, wasizidi upana wa katikati ya macho yake, kila siku. Hao nyenje nao walishwe karoti na sukuma wiki siku moja kabla, halafu wanyunyiziwe unga wa kalisiamu. Unga wenye vitamini D hutumiwa mara mbili tu kwa mwezi. Waliobaki jioni watoe, kwani usiku humng'ata akiwa amelala.

Aishi peke yake. Hata kujiona kwenye kioo humtia hofu. Na si mdoli wa kupakatwa. Akiwa mweusi asubuhi ni baridi tu, anajipasha moto, lakini akiwa mweusi na kuvimba ukimshika, mrudishe tawini. Akifumba macho mchana, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na awe daktari anayetibu reptilia, uliyemtafuta kabla hujanunua.

Kama ni jike, akikomaa atataga hata bila dume. Mwandalie mapema ndoo ya mchanga mbichi wenye kina cha sentimita 30, na anapochimba funika tundu kwa shuka. Akiona anatazamwa, huacha kuchimba, na mayai yakikwama tumboni humuua.