Karata ni uhuni? Mimi kujumlisha nilijifunzia hapo hapo

Leo tuongelee karata, maana kuna watu bado wanaamini mtoto akishika karata tu, kashapotea.

Historia kwanza. Neno karata lenyewe tumelitoa kwa Wareno. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, na 1698 Waarabu wa Oman wakaiteka. Wareno wakaondoka, karata zikabaki. Kopa, uru, pau, shupaza, hata turufu, vyote Kireno hicho!

Sasa hesabu. Ree ni pointi 11, saba ni 10, mfalme 4, J 3, malkia 2. Zilizobaki hazina kitu. Jumlisha: 30 kwa kila aina, mara nne, 120. Nusu ni 60, kwa hiyo mshindi lazima afike 61. Ndiyo maana Waswahili wa pwani wakauita wahedi wa sitini, Kiarabu cha sitini na moja. Halafu wazee walikuwa wanaita malkia "mzungu wa pili", J "wa tatu", mfalme "wa nne". Yaani jina la karata lina pointi zake ndani!

Mimi darasa la tatu hesabu zilikuwa zinanipiga chenga kweli. Mzee mmoja wa barazani mtaani kwetu, ambaye shule hakuiona, akanipa kazi ya kuhesabu karata tulizokula. Ree mbili, 22. Saba, 32. Mfalme, 36. Malkia, 38. "Bado ngapi, mjukuu wangu?" Bado 23, babu. Nikikosea tunafungwa, na wapinzani wanacheka tu.

Muhula ule nikaanza kupata vema. Siku moja mwalimu akanikuta na karata kwenye begi. Viboko, karata zikachanwa, akauliza ni mhuni gani ananifundisha. Nikamtaja mzee. Sikusema kwamba zile vema kwenye daftari zilitoka kwake.

Mzee kashatangulia mbele ya haki. Leo nikijumlisha kichwani dukani kabla muuzaji hajashika kikokotoo, namkumbuka. Ilitakiwa niseme siku ile.

Wewe kujumlisha ulifundishwa na nani, mwalimu au mtaa? Tiririka hapo chini.