Kazi za Kihambani Zisizoandikwa Daftarini



Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka 10, nasi hatuna budi kumshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Kurasa nyingine za kitabu hiki zaeleza habari za mikutano, maghala na mizani. Sisi tulioshika kalamu ya chama tumeonelea tuandike habari za kihamba, yaani shamba la nyumbani, mahali ambapo kahawa hukaa kabla haijafika kwetu. Kwa maana magunia hayaji ghalani kwa miguu yake.

Historia ya ushirika wa Kilimanjaro yajulikana na wengi. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikapandwa Kilema. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, kilichojulikana kwa herufi KNPA, wakamchagua Joseph Merinyo kuwa rais. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata kikazaliwa KNCU. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu nchini, kisha sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Katika miaka ya 1990 wakaja wanunuzi binafsi, na ushirika ukajaribiwa upya. Katika habari zote hizo, majina yanayotajwa karibu yote ni ya wanaume. Swali letu ni moja: kahawa yenyewe ilichumwa na nani?

Kahawa haikupandwa mahali patupu. Ilikuta kihamba kina migomba, maharage, viazi vikuu na ng'ombe wa kufungiwa ndani. Ikapandwa chini ya kivuli cha migomba, ikanyweshwa maji ya mfongo yaliyochimbiwa njia na wazee zamani, ikala samadi ile ile ya ng'ombe. Desturi ilisema kwamba ndizi na maziwa ni mali ya mama, naye huvipeleka sokoni apate chumvi na mafuta. Bali kahawa ni mali ya baba. Lakini mvua na jua havikuijua desturi hiyo. Aliyeitunza migomba aliitunza na kahawa iliyo chini yake.

Tazameni siku moja ya nyumba kama ile tuliyolelewa. Alfajiri mtoto huteka maji mfongoni kabla hayajachafuka. Mama huwasha moto, hukamua ng'ombe, huwakatia vipande vya mgomba, kisha hushuka na wenzake kutafuta majani porini, akapanda mlima na mzigo kichwani. Majani hayo ng'ombe hula; yanayobaki huwa matandiko ya zizi, matandiko huwa samadi, na samadi hurudi shambani. Kwa hiyo ule mzigo wa majani ni mbolea ya kahawa, ingawa hakuna karani aliyewahi kuupima.

Msimu wa kuchuma ukifika, kazi huongezeka lakini za zamani hazipungui. Matunda hayaivi yote siku moja, basi mti mmoja hurudiwa mara nyingi, huchaguliwa yaliyo mekundu tu. Jioni ile ile hupitishwa katika mashine ya mkono. Sisi watoto tulipokezana kuzungusha mpini. Halafu kahawa hulowekwa, huoshwa, huanikwa juu ya vichanja, hugeuzwa, huchambuliwa, hufunikwa mvua ikitisha, hata usiku wa manane. Kilo 100 za matunda mabivu hutoa kama kilo 20 za kahawa ya maganda. Mizani yetu huziona hizo 20 tu.

Hatusemi kwamba baba hakufanya kazi. Baba alipogoa, alipiga dawa, alikwenda na wenzake kuzibua mfongo. Twasema kwamba kazi ilikuwa ya nyumba nzima, na jina daftarini lilikuwa moja.

Ubaya wa jambo hilo tuliuona sisi wenyewe. Tulipokuwa darasa la tano, baba yetu alifariki kahawa ikiwa mtini. Mama aliichuma yote, akaiosha, akaianika, akabeba gunia hadi kwenye mizani ya chama kimoja. Karani akafunua daftari, akasema kwa upole kwamba namba ile ni ya marehemu. Gunia likapimwa kwa jina la baba mdogo. Fedha zilipotoka zilipita mikononi mwake, na zilipotufikia ada ya shule ilikwisha chelewa. Baba mdogo hakuwa mwizi, wala karani hakuvunja kanuni yoyote. Daftari ndilo lililokuwa pungufu.

Tangu zamani sheria ya nchi imekwenda mbele ya daftari hilo. Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Nayo kanuni ya kwanza ya ushirika duniani ni uanachama wa hiari, ulio wazi kwa wote bila ubaguzi wa jinsia.

Wako wazee wanaohofu kwamba majina mawili katika ukurasa mmoja yataleta ugomvi nyumbani. Twawaheshimu, lakini twawaomba wafikiri: ni ugomvi upi mkubwa kuliko ule unaozuka siku ya tatu baada ya mazishi? Nyumba iliyoandika mapema haigombani kaburini.

Basi, kwa unyenyekevu, twaleta ombi mbele ya wanachama na viongozi. Kila chama cha msingi kifungue nafasi ya jina la pili chini ya namba ya mwanachama. Mke akitaka kununua hisa zake mwenyewe, apokelewe na apige kura. Na malipo yakitoka, hesabu isomwe mbele ya wote wawili.

Gharama ya jambo hili ni mstari mmoja wa wino. Miaka 10 tumejifunza kupima kahawa kwa haki. Na tujifunze sasa kuwaandika kwa haki walioileta. Mama yetu angali hai, na angali akichuma. Twatamani msimu ujao karani amwite kwa jina lake.

Mungu abariki vihamba vyetu na ushirika wetu.