Sauti ya Marekani, Mbio za London

Mwenye pikipiki ya Harley-Davidson kule Marekani na kijana wa London wa miaka ya 1950 walianza kazi kwa namna ileile: ng'oa chujio la hewa la kiwandani, ng'oa ekzosi, funga zako. Lakini hawakuwa wakitafuta kitu kimoja.

Wa London alitaka mwendo. Kijiwe chake kilikuwa Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, na sifa ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, karibu kilomita 160. Ndipo ikazaliwa Triton: injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Kabureta ya Amal ilivuliwa chujio, ikavalishwa mdomo wazi mfano wa tarumbeta. Hewa ikaingia bila kizuizi, na vumbi vilevile, silinda zikalika mapema. Nani alijali? Kisichoongeza mwendo kilikuwa mzigo tu.

Kwa Mmarekani uzito haukuwa aibu. Injini ya Harley ina silinda mbili zilizoachana kwa nyuzi 45, na pistoni zote mbili hushika pini moja ya krenki. Kwa hiyo haziwaki kwa vipindi sawa: nyuzi 315, kisha 405. Mdundo huo wa kuchechemea ndio mali yenyewe. Mwaka 1994 kampuni iliomba kuusajili kuwa alama yake ya biashara, ikaliondoa ombi mwaka 2000. Anayebadilisha ekzosi, basi, anaifungulia pikipiki koo. Chujio nalo limekaa upande wa kulia, nje kabisa, jirani na goti. Haliwezi kufichwa, kwa hiyo limegeuzwa pambo: lile lenye umbo la tone kutoka S&S Cycle, kampuni ya tangu 1958, hutambulika hata na wasiojua kushika spana.

Pikipiki yenye rangi za bendera ya Marekani katika filamu ya Easy Rider (1969) inaonyesha wazi mapenzi haya ya pambo. Waliohusika kuiunda ni Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi ambao majina yao yalikaa miaka mingi bila kutajwa. Ekzosi zake ndefu, ncha zikiwa mkia wa samaki, ziliinuliwa nyuma ili zionekane. Mbio hazikuwa hoja.

Cha kuchekesha, mabomba yaliyonyooka, yasiyo na sailensa, mara nyingi huipokonya injini nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya chini na ya kati, na kruza, pikipiki nzito ya safari kama Harley, hutumika zaidi hapohapo. Kelele imepanda, mwenyewe anaamini na nguvu imepanda. Simcheki, alinunua sauti, na sauti amepata. Majirani ndio hawakuulizwa.

Pande zote mbili, hewa ikizidi mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha na injini huchemka. Siku hizi Mmarekani hurekebisha hilo kwa kompyuta, na hapo serikali huingia: mwaka 2016 Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 kwa kuuza vifaa vya kubadilishia mpangilio wa kompyuta hiyo kinyume cha sheria ya hewa safi. Kijana wa Ace Cafe alibadilisha jeti za kabureta, akakimbia kidogo, akafungua plagi na kusoma rangi: nyeupe, petroli haitoshi, nyeusi, imezidi. Kwa ufundi namvulia kofia yeye, ingawa injini yake ingeishi zaidi angeliacha chujio mahali pake.